Chungu Kilichogeuzwa Birika

Nilimwahidi bibi yangu kwamba angelisikia jambo lile kwa masikio yake mwenyewe, kutoka katika kinywa cha yule yule aliyelinyamazia kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilitoa ahadi hiyo sebuleni kwake Sidab, kando ya Maskati, siku ambayo daktari alitueleza kwamba sikio lake la kulia limekwisha kabisa, kwamba la kushoto linafuata, na kwamba kifaa alichopewa kitamsaidia kwa muda tu. Bibi alikuwa akimenya vitunguu thomu. Aliniuliza nimesema nini, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Wewe una maneno," akasema. "Haya, ntangoja. Lakini fanya haraka, baba, maana nnasikia kwa sikio moja, na hilo nalo la kuazima."

Jambo lenyewe ni hili. Yupo mwandishi mmoja wa Kiingereza, mtunzi wa michezo ya kuigiza na wa vitabu vya watoto, ambaye huenda msomaji ameshamsoma. Vitabu vyake vimefasiriwa kwa lugha nyingi, na hapa Maskati havikosekani katika duka lolote la vitabu linalojiheshimu. Kitabu kilichompa umaarufu ni kile cha birika lililogoma kuchemsha maji. Birika lile halikuwa birika. Lilikuwa chungu, na chungu kile kilikuwa cha bibi yangu.

Nimeisoma kazi ya mwanamke huyu kuliko nilivyoisoma kazi ya mtunzi mwingine yeyote, kwa kuwa nilipofika chuo kikuu nilichagua sanaa ya maigizo kwa sababu yake, na tasnifu yangu ilimhusu yeye. Kwa hiyo sitamnyima haki yake. Alizaliwa katika mji mdogo wa viwanda, binti wa mshona viatu, na aliingia jukwaani akiwa bado msichana, katika kikundi kilichozunguka miji kikiigiza katika kumbi za makanisa na za shule. Baadaye akaanza kutunga mwenyewe. Mchezo wake wa kwanza ulihusu dada wawili waliorithi nyumba moja na kuacha kusemezana ndani yake. Ni kazi nzuri sana. Ndani yake mnapita kurasa nzima ambamo hakuna analoambiwa mtazamaji isipokuwa namna vikombe vinavyowekwa mezani, na bado anaelewa kila kitu. Lakini London haikuupenda, wala haikuupenda uliofuata, na magazeti yalimwandika kana kwamba amewakosea adabu kwa kuwapotezea jioni. Ndipo alipoacha kutunga, akamfuata mumewe, mhandisi wa maji, aliyekuwa amepata kazi Oman.

Walipanga nyumba si mbali na ya bibi yangu. Bibi wakati huo alikuwa kijana, amewasili kutoka Unguja si miaka mingi kabla ya hapo, na alikuwa na kazi katika ofisi moja ya serikali. Kiarabu chake kilikuwa bado cha kuokoteza, na majirani wa hapa walimcheka kwa hilo, ila Kiingereza alichofundishwa Unguja kilikuwa kimenyooka. Mwandishi, ambaye hakuwa na mtu wa kuzungumza naye tangu asubuhi mumewe anapoondoka, aliligundua hilo upesi. Akawa anakuja kila jioni. Walikunywa kahawa, waliwasema waume zao, na baada ya magharibi bibi alimhadithia.

Ninataka lieleweke vizuri jambo ambalo watu wengi wanaposikia kisa hiki huliwaza vibaya. Wanamfikiria bibi kizee asiyejua kusoma, anayesimulia kwa lugha yake, na Mwingereza mwenye kipaji anayeyapa maneno yake sura. Sivyo. Bibi alihadithia kwa Kiingereza. Aliyapima maneno mwenyewe, alichagua wapi chungu kinune na wapi kinyamaze, na sentensi zake zimo kitabuni mpaka leo kama alivyozitamka. Kilichobadilika ni chombo. Katika hadithi ya bibi, chungu kinakataa kupika kwa sababu kila asubuhi kinatiwa motoni bila mtu kukiambia sabalkheri. Wenye nyumba wanakipiga, wanakibembeleza, wanakiitia mwalimu wa kukisomea, wala hakitoi hata mvuke, mpaka mtoto wa mwisho, ambaye hajui hata kwamba wengine wamegombana nacho, anapita na kukisabahi kwa mazoea tu. Katika kitabu, ni birika, ni jiko la Kiingereza, na mwalimu amekuwa fundi wa bomba.

Sasa, katika ukoo wetu hadithi ina adabu zake mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Ya kuingilia ni kutaja ulikoipata. Bibi haanzi kuhadithia mpaka aseme kwamba alihadithiwa na mama yake, na mama yake alihadithiwa na somo yake, yule mwanamke aliyemfunda, na somo naye na fulani wa Makunduchi, na hivyo hivyo mpaka mnyororo uishie pale kumbukumbu inapoishia. Sisi watoto tulikuwa tukichoka, tukimwomba aruke. Alitujibu kwamba mtu anayeingia nyumba ya watu kwa dirishani hata akiwa na nia njema ataitwa mwizi. Adabu ya kutokea ni unyenyekevu. Hadithi ikiisha, msimulizi husema kwamba ikiwa njema basi ni ya sote tuliokaa hapa, na ikiwa mbaya ubaya wake ni wa msimulizi peke yake. Ni maneno ya heshima tu, sawa na mwenye nyumba anayemwambia mgeni kwamba nyumba hii ni yako. Hakuna mgeni wa kwetu aliyewahi kwenda kubadilisha kitasa kwa sababu ya maneno hayo.

Mwandishi alianza kuja na mashine ya kaseti. Bibi hakukataa. Alichokiona, na ambacho hakukisema kwa kuwa aliona haya kumsahihisha mgeni, ni kwamba yule mwanamke hakubonyeza kitufe mpaka mnyororo umalizike. Wakati bibi akiwataja mama yake na somo wa mama yake, mgeni alikunywa kahawa na kutikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayesubiri mazungumzo ya jamaa yaishe. Kanda ilianza kuzunguka pale pa hapo zamani. Na iliendelea kuzunguka mpaka mwisho, mpaka bibi aliposema kwamba ikiwa njema ni ya sote.

Mhandisi alimaliza mkataba, wakarudi kwao. Haukupita muda mrefu, mchezo wa birika ukaonyeshwa katika ukumbi mdogo, kisha katika ukumbi mkubwa, kisha ukawa kitabu, na mtunzi aliyeshindwa na London ya watu wazima akapendwa na London ya watoto. Ami yangu, aliyekwenda kusoma huko miaka kadhaa baadaye, ndiye aliyekileta kitabu nyumbani, kikiwa zawadi, bila kujua anachokibeba. Bibi alikisoma kwa kikao kimoja. Alipofika katika utangulizi, ambamo mwandishi anaeleza kwamba wazo la birika lilimjia jikoni kwake asubuhi moja ya mvua, alikifunga.

"Mvua gani?" aliuliza. "Sidab kulinyesha lini?"

Hilo likawa mzaha wa nyumba nzima. Mtu akitoa udhuru usioingia akilini, huulizwa mvua ilinyesha lini. Nilikua nikiucheka mzaha ule, mpaka nilipofika umri wa kuona kwamba bibi peke yake hacheki. Nilipotangaza kwamba nitasomea maigizo, ami alinipachika jina la wakili wa chungu, na katika kila harusi ya ukoo akinitambulisha kwa jina hilo. Sikuliona tusi. Niliamini, na bado ninaamini, kwamba mtu aliyesoma ana wajibu wa kuliita jambo kwa jina lake hata kama wenye jambo wamechoka kuliita.

Baada ya chuo nilipata kazi katika kituo kimoja cha utamaduni, nikapanga chumba mtaa wa Hamriya juu ya duka la mshonaji. Ilikuwa katika kituo hicho, mwaka mmoja tu baada ya ahadi yangu, ndipo tulipoarifiwa kwamba mwandishi, ambaye sasa ni mzee lakini bado anasafiri, atapita Maskati na amekubali kualikwa kwa jioni moja. Ilitakiwa mtu wa kumtambulisha kwa hadhira, kueleza maisha yake na kazi yake. Wote walinielekea mimi. Niliona kama mlango umefunguliwa na mkono usioonekana, na nikamshukuru Mungu mapema mno.

Niliandika utambulisho wa kurasa nne. Niliyasifu yote yanayostahiki sifa, hata ule mchezo wa dada wawili ambao hakuna anayeukumbuka. Katika ukurasa wa tatu niliandika kwamba hadithi ya birika alihadithiwa hapa Sidab, na nikautaja mnyororo wote kama bibi anavyoutaja. Sikutia neno la kulaumu hata moja.

Mkuu wangu wa kazi aliusoma ukurasa ule mara mbili. Ni mtu wa asili yetu, ukoo wake na wetu huzikana, na tukiwa wawili tulizungumza Kiswahili. Hiyo ndiyo sababu nilitegemea atanielewa, na ndiyo sababu jawabu lake liliniuma kuliko ambavyo lingeniuma kutoka kwa mtu mwingine.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Mgeni haalikwi ili ahukumiwe. Na isitoshe, nani katika sisi hakuhadithiwa na bibi yake? Kama kila bibi atadai chungu chake, khalas, basi, tufunge kituo."

Nilimweleza habari ya mnyororo. Alinijibu kwamba anaijua, hata kwao ilikuwapo. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayemaliza mjadala, kwamba bibi yangu mwenyewe aliitoa hadithi, kwa maneno yetu wenyewe ya kutokea, na kwamba nisimlaumu Mwingereza kwa kusadiki tulichosema. Akaukata ukurasa wa tatu kwa kalamu.

Nilikataa kuusoma utambulisho uliokatwa. Alimpa mwenzangu, binti mwenye sauti nzuri na asiye na ugomvi na mtu, na mimi nikapewa kazi ya kumpokea mgeni hotelini na kuhakikisha hakosi kitu. Nadhani alikusudia iwe adhabu. Mimi niliichukua kama nafasi.

Mwandishi alinipokea vizuri. Ana macho ya mtu anayesikiliza kweli, na nilipomwambia mimi ni mjukuu wa nani, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamlenga. Alisema hajapata kukutana na mtu mkarimu kama bibi yangu. Nilimwambia kwamba bibi yu hai, kwamba kesho nitamleta, na kwamba anaomba jambo dogo sana: sentensi moja, jukwaani, kwamba hadithi ile aliipata kwake. Aliniachia mkono bila haraka, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Kisha akachukua simu yake na kuniwekea sauti.

Sikuwa nimejiandaa. Ilikuwa sauti ya bibi, lakini ya msichana, nyepesi, yenye kicheko kilichozuiliwa nyuma ya meno, ikizungumza Kiingereza kwa mahadhi ya Unguja. Nyuma yake ilisikika adhana ya msikiti ambao sasa umevunjwa na kujengwa upya. Kulikuwa na mlio mdogo wa kitufe, kisha hapo zamani, kisha chungu, kisha mtoto wa mwisho. Mwandishi aliiacha sauti iendelee mpaka ilipofika mwisho na kutamka kwamba ikiwa njema ni ya sote.

"Umesikia?" aliniuliza. "Alinipa. Nimeitunza kanda hii miaka yote, mpaka nikaihamishia katika simu, kwa ajili ya siku ambayo mtu angeniuliza."

Nilimweleza kwamba ile ni adabu ya kutokea, na kwamba kuna ya kuingilia, ambayo haimo katika kanda kwa sababu yeye hakubonyeza. Alisema anakumbuka kwamba bibi alikuwa na desturi ya kuzungumza kwanza habari za jamaa zake, na kwamba kanda zilikuwa adimu siku zile. Nilimwomba tena ile sentensi moja. Alisema atasema kitu.

Siku ya pili nilimfuata bibi Sidab. Alikuwa amejipamba kama aendaye harusini, amejifusha udi, na kifaa cha sikio amekitia betri mpya. Ukumbini nilimkalisha mbele, mimi upande wake wa kushoto ili nimnong'oneze atakachokosa. Mwenzangu alisoma utambulisho. Mgeni akapanda, akapigiwa makofi, akaeleza ujana wake, kikundi cha kuzunguka, kushindwa kwake, kwa uchangamfu na bila kujionea huruma. Nilimpenda hata wakati ule. Kisha alisema kwamba amerudi mahali alipofundishwa kusikiliza. Pwani hii, alisema, upepo wake, bahari yake, kina mama wake, vilimnong'oneza hadithi ambazo angekuja kuziandika. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, na mkuu wangu wa kazi alisimama.

Bibi alinivuta kanzu. "Kasema nini?"

Nakiri kwamba niliiona njia. Makofi yalikuwa makubwa, kifaa chake hakitofautishi sauti katika kelele, na ningeliweza kumwambia kwamba ametajwa. Ahadi yangu ingeonekana imetimia, naye angekwenda kaburini na furaha hiyo. Lakini uwongo ule ungekuwa wangu, na niliona kwamba mtu aliyeibiwa maneno hastahiki kulipwa kwa maneno ya bandia.

"Kasema pwani ilimfundisha," nilimjibu. "Upepo na bahari."

"Bahari inajua Kiingereza?"

"Na kina mama pia, kasema."

"Mama gani?"

"Hakumtaja, bibi. Hakukutaja."

Alitengeneza mtandio wake, akatazama jukwaani, kisha akaniambia nimsimamishe, anataka kwenda pale vitabu vinapotiwa saini.

Tulisimama katika foleni ya watoto na mama zao. Nilikuwa nimemnunulia kitabu mlangoni, kwa sababu alikataa kuingia mikono mitupu. Ilipofika zamu yetu, mwandishi alikuwa ameinamisha kichwa, kalamu mkononi, na bila kuinua macho akauliza, kama alivyowauliza wote, aandike kwa ajili ya nani. Bibi alimjibu kwa Kiingereza kilekile. Hakutaja jina lake. Alitaja jina la mama yake, akalipanga herufi moja moja, taratibu, na yule mwanamke akaliandika katika ukurasa wa kwanza wa kitabu, chini ya jina lake mwenyewe lililopigwa chapa.

"Huyo ndiye aliyenihadithia," bibi alimwambia.

Hapo mwandishi aliinua macho. Sina shaka kwamba alimtambua. Alimtazama muda wa pumzi moja, akasema kwamba hilo ni jambo zuri sana, akamfungia kitabu, na akamtabasamia mtoto aliyekuwa nyuma yetu.

Ndani ya gari bibi alikipakata kitabu. Alisema basi, keshaandika. Nilimwambia hajaandika chochote, kwamba ameandika jina katika nakala moja kama anavyoandika ya kila mtoto, bila kusema ni nani na alifanya nini, na kwamba kesho katika miji mingine ataendelea kusema birika lilimjia siku ya mvua. Nilimwambia nitaandika magazetini, nitawataja wote, yeye mgeni na mkuu wangu wa kazi. Nilipiga kelele, kwa sababu ya sikio na kwa sababu ya hasira, na sijui ipi ilizidi.

"Hutomtaja mtu," alisema. "Ukimtia mamangu katika ugomvi, watu watakumbuka ugomvi. Mimi nataka wakumbuke kwamba alikuwa akihadithia."

Kisha akavua kile kifaa na kukitia mkobani, jambo analolifanya anapoona mazungumzo yamekwisha.

Nimemtii, kama msomaji anavyoona, na utiifu huu haujanipa raha. Mkataba wangu kituoni haukuongezwa. Niliambiwa ni mabadiliko ya kawaida ya kazi. Mwandishi aliporudi kwao alihojiwa na redio moja kuhusu safari yake, nami nilisikiliza mpaka mwisho. Alizungumzia halua, joto, na jinsi watu wa hapa walivyo wakarimu. Siku hizi sikio la kushoto la bibi nalo limekwisha. Tunazungumza kwa kuandikiana katika ubao mdogo mweupe, na hata kama yule mwanamke angebadili nia kesho na kupanda ndege na kulisema lile neno sebuleni Sidab, bibi angeona midomo tu ikicheza. Ahadi yangu haikutimia, na haitatimia. Nilipomwandikia hivyo ubaoni, aliufuta kwa kiganja, akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo ninamgeukia msomaji. Siku utakapomsomea mtoto wako hadithi ya birika lililogoma, tafadhali, kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, mwambie kwamba lilikuwa chungu, na kwamba ilihadithiwa na mwanamke mmoja wa Sidab, aliyehadithiwa na mama yake, huko Unguja, naye na somo yake. Kisha usome.